Kipindupindu kimeletwa na nani? Nasaba ya bakteria na somo la maneno ya kukopa

Kipindupindu kikizuka hapa Pwani, swali la kwanza barazani huwa si la maji wala choo. Huwa ni hili: kimeletwa na nani? Mmoja atasema ni wageni waliokuja harusini. Mwengine ataapa ni mabaharia. Wa tatu atasema kimetoka baharini humu humu, kwani si hurudi kila baada ya muda? Kila mmoja ana hoja yake, hakuna mwenye ushahidi, na kahawa huisha kabla ya lawama.

Swali lenyewe si la kijinga. Ukijua ugonjwa umetoka wapi na umepita njia gani, utajua pa kuuzuia. Wanasayansi nao hujiuliza swali hilo hilo, na wana njia ya kulijibu. Lakini njia hiyo ina mtego uliowasumbua kwa miaka mingi: bakteria hurithi kwa mzazi, na pia hukopa kwa jirani. Asiyetenganisha urithi na mkopo huchora nasaba ya uongo, na nasaba ya uongo huzaa lawama za uongo.

Kufuata nyayo

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati huo, baadaye aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara ya bara na vyombo vya baharini. Ushahidi wake ulikuwa wa wasafiri: nani alitoka wapi, lini, na nani aliugua baada yake.

Leo nyayo zinasomwa ndani ya bakteria mwenyewe. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana DNA yenye herufi kama milioni 4. Anapozaliana hujigawa mara mbili, na kila mtoto hupata nakala ya DNA hiyo. Kunakili hakukosi makosa: mara moja moja herufi moja huandikwa vibaya, na kosa hilo hurithiwa na wajukuu na vitukuu. Katika ukoo ulioleta janga la saba la kipindupindu, lile lililoanza Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970, makosa hayo ni wastani wa herufi 3 hivi kwa mwaka.

Hapo basi unapata vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, nasaba: sampuli mbili zenye makosa yale yale zina babu mmoja wa karibu. Pili, saa: ukihesabu makosa, unaweza kukadiria babu huyo aliishi miaka mingapi iliyopita. Ukikusanya sampuli za wagonjwa wa nchi nyingi na za miaka mingi, unachora mti mmoja wa ukoo, kama zile shajara ambazo familia za Lamu na Mombasa huzitunza makabatini.

Mambo yangekuwa rahisi hivyo kama bakteria angerithi tu.

Tandatu ilipokuwa sita

Ili tuelewe mtego uko wapi, tuache bakteria kidogo tuitazame lugha yetu. Hesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano. Yote hayo ni ya Kibantu. Kisha sita, saba: Kiarabu. Nane imerudi Kibantu. Tisa, Kiarabu. Kumi, Kibantu.

Imekuwaje? Wazee wetu walikuwa na maneno yao. Sita ilikuwa tandatu. Saba ilikuwa fungate, na neno hilo bado tunalo, ndizo siku saba za maarusi. Tisa ilikuwa kenda, na mpaka leo kuna wanaolijua. Maneno mapya yalikuja na biashara na maingiliano, yakaketi mahali pale pale pa maneno ya zamani, na ya zamani yakasogea.

Sasa fikiria mgeni asiyetujua, anataka kujua Kiswahili ni lugha ya ukoo gani. Akiokota sita, saba na tisa pamoja na kitabu, sheria na habari, ataandika kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Akiokota mkono, jicho, moto na maji, atakuta ndugu zake ni Kigiriama, Kidigo, Kipokomo na Kikomoro. Akiokota meza, atatupeleka Ureno. Lugha ni ile ile, lakini kila rundo la maneno linatoa nasaba yake.

Wataalamu wa lugha wanajua dawa ya tatizo hili: kwanza tenga maneno ya kukopa, kisha ndipo uchore ukoo. Maneno ya kukopa hayatupwi. Yanasimulia habari nyengine, ya nani alifanya biashara na nani. Lakini hayasimulii nani alimzaa nani.

Bakteria naye yuko hivyo hivyo. Kipande cha DNA kutoka kwa bakteria mwengine huingia, kikaketi mahali pa kipande chake cha asili, kama sita ilivyoketi mahali pa tandatu. Wataalamu huita jambo hili kuchanganyika upya kwa jeni. Pia huweza kuingia jeni mpya kabisa ambazo hakuwa nazo, kama lugha ilivyopata neno baiskeli siku baiskeli ilipofika. Tofauti ni kwamba lugha huchukua vizazi kubadilika. Bakteria huweza kumaliza shughuli hiyo kwa siku moja.

Panya wa London

Dalili za kwanza zilionekana London. Mwaka 1928 Frederick Griffith alichapisha majaribio yake juu ya nimokoko, bakteria anayeleta nimonia. Alikuwa na aina mbili: moja yenye koti la sukari, inayoua panya, na moja isiyo na koti, isiyoua. Aliwaua kwa joto wale wenye koti, kisha akawachanganya na wasio na koti walio hai, akawadunga panya. Panya wakafa. Ndani ya miili yao alikuta bakteria hai waliovaa koti. Wazima walikuwa wameokota kitu kutoka kwa maiti. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake, New York, walionyesha kwamba kitu hicho ni DNA.

Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba bakteria wazima nao hupeana jeni. Leo tunajua njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kuokota: bakteria hufyonza DNA iliyoachwa na waliokufa. Ya pili ni daraja: bakteria wawili hushikana na mmoja humpitishia mwenzake kipande cha DNA. Ya tatu ni kupitia virusi vinavyoshambulia bakteria, ambavyo huhama na jeni kutoka huku hadi kule.

Kipindupindu kimezitumia zote tatu. Hata sumu yenyewe inayomtoa mgonjwa maji mpaka akakauka, jeni zake zililetwa na kirusi. Hilo lilionyeshwa mwaka 1996 na Matthew Waldor na John Mekalanos huko Marekani.

Soko juu ya gamba la kaa

Kwa sisi watu wa bahari, njia ya kuokota ina habari ya kushangaza. Vibrio cholerae ana maisha yake nje ya tumbo la mwanadamu. Huishi kwenye maji ya chumvi kidogo, pale mto unapokutana na bahari, akishikamana na magamba ya duvi, kaa na vidudu vidogo vya majini. Magamba hayo yametengenezwa kwa kitu kiitwacho kitini.

Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba bakteria huyu akishakaa juu ya kitini, huamsha mitambo yake ya kuokota DNA. Gamba la kaa kwake ni soko. Miaka kumi baadaye ikaonekana kwamba pale pale kwenye kitini yeye huwa na mkuki mdogo ambao huwachoma majirani wasio wa ukoo wake, wakapasuka, naye akafyonza DNA inayomwagika. Si mkopo tena huo, ni uporaji.

Makosa matatu

Sasa rudi kwenye swali la barazani, ukiwa na habari hizi mkononi. Mtafiti akisahau mikopo, anaweza kukosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni kumtambua bakteria kwa koti lake. Kwa miaka mingi Vibrio cholerae waligawanywa kwa aina za koti, na ziko zaidi ya 200. Ilijulikana kwamba milipuko mikubwa huletwa na koti moja tu, liitwalo O1. Mwishoni mwa 1992, India na Bangladesh zikapata mlipuko wa bakteria mwenye koti jipya, O139. Hata watu wazima, ambao miili yao ilikwisha kuzoea O1, waliugua. Ulionekana kama ukoo mpya kabisa. Lakini DNA yake iliposomwa, alikutwa ni yule yule wa janga la saba, aliyebadilisha kipande cha jeni za koti. Mwaka 2007 watafiti waliweza hata kumgeuza O1 kuwa O139 maabarani, juu ya kitini.

Kosa la pili ni la saa. Tumesema makosa ya kunakili ni kama herufi 3 kwa mwaka. Tuseme bakteria ameokota kipande chenye herufi 300 tofauti na zake. Ametumia siku moja. Lakini anayehesabu herufi bila kujua habari hiyo atasema: herufi 300, hiyo ni kazi ya miaka 100. Ndugu wawili waliotengana mwaka jana wataandikwa kuwa walitengana tangu enzi za mababu, na mlipuko wa jana utahesabiwa kuwa mgeni wa mbali.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba wanaofanana usugu wa dawa ni ndugu. Ndani ya Vibrio cholerae kuna kipande maarufu kiitwacho SXT, kinachopita kwa daraja. Kimebeba jeni za kukinza dawa kadhaa, zikiwemo zile mbili zinazounda Septrin. Bakteria wawili wa koo tofauti wanaweza kuwa nacho, na ndugu wawili wa damu mmoja akawa nacho na mwengine hana. Ukichora nasaba kwa kutazama dawa zisizofanya kazi, umechora ramani ya mikopo ukaiita ukoo.

Kuvua viraka

Dawa ni ile ile ya wataalamu wa lugha. DNA za sampuli nyingi hupangwa sambamba, herufi kwa herufi. Makosa ya kunakili hutokea popote, kwa hiyo huonekana yametawanyika huku na huku, kama chumvi iliyonyunyizwa. Kipande cha kukopa huonekana tofauti: tofauti nyingi zimerundikana mahali pamoja, na kando yake kumetulia. Ni kama kiraka kwenye kanzu. Kwa mbali huenda usikione, lakini ukipitisha kidole unausikia mshono.

Programu za kompyuta hutafuta mishono hiyo, zikafunika viraka, na mti ukachorwa kwa kitambaa cha asili kilichobaki. Baada ya hapo viraka hurudishwa na kuulizwa: wewe uliingia tawi gani, na lini?

Mwaka 2011 kundi la watafiti lilifanya hivyo kwa bakteria 154 wa kipindupindu kutoka pembe nyingi za dunia. Mti ulionyesha kwamba janga la saba limekuwa likienea kutoka Ghuba ya Bengal kwa mawimbi yasiyopungua matatu. Na kiraka cha SXT kilipoulizwa kiliingia lini, kilijibu: miaka isiyopungua kumi kabla ya binadamu kukigundua. Usugu ulikuwa umekwisha kujenga nyumba kabla hatujabisha hodi.

Jibu kwa Afrika

Mwaka 2017 ulifuata utafiti mkubwa zaidi juu ya bara letu. Zilisomwa DNA za bakteria 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa kwa muda wa miaka 49. Majibu yake yanastahili kuletwa barazani.

La kwanza: milipuko hiyo yote ni ya ukoo mmoja, ule wa janga la saba. Haikuzuka yenyewe kutoka kwa vibrio wa kila mto na kila ghuba. Yule aliyesema kipindupindu ni cha bahari yetu tu hana ushahidi upande wake.

La pili: ukoo huo uliingizwa Afrika mara zisizopungua 11 tangu 1970, ukiingilia sehemu kuu mbili, Afrika Magharibi na huku kwetu Mashariki na Kusini. Mara tano za mwisho zote zilitoka Asia, na zililetwa na bakteria sugu kwa dawa nyingi, ambao baada ya mwaka 2000 walichukua nafasi ya wale waliokuwa wakitibika. Kwa hiyo aliyesema kimetoka ng'ambo amepata nusu ya haki.

La tatu ndilo la kutufanya tunyamaze. Kuingia mara moja tu kuliweza kuleta milipuko iliyoendelea hadi miaka 28. Fikiria hilo. Mgeni amepita siku moja, na ugonjwa umekaa umri wa mtu mzima mwenye mke na watoto. Miaka yote hiyo haukuhitaji mgeni. Ulihitaji choo kilicho karibu na kisima, bomba lililopasuka, na mto unaotumika kwa kila kitu.

Hapa ndipo faida ya kutenganisha urithi na mkopo inapoonekana. Bila kuvua viraka, mti ungevurugika, na yeyote angeweza kuutumia kumlaumu amtakaye. Mti uliosafishwa unasema wazi: mlango upo na unafaa kulindwa, lakini anayekilea kipindupindu ni maji machafu.

Si bakteria wote

Isidhaniwe kila bakteria hukopa sawa. Wa kifua kikuu hakopi karibu kabisa, ndiyo maana nasaba yake husomeka kwa urahisi. Mwaka 1993 John Maynard Smith na wenzake walionyesha kwamba Salmonella hurithi zaidi ya kukopa, ilhali bakteria wa kisonono huchanganya jeni kiasi kwamba kuchora mti wake ni kama kuchora mti wa ukoo wa mto.

Nimokoko wa Griffith naye ni mkopaji mkubwa. Utafiti wa mwaka 2011 juu ya sampuli 240 za ukoo mmoja tu ulikuta kwamba katika kila tofauti 10 za herufi, karibu 9 zililetwa na vipande vya kuokota, na makosa ya kunakili yalikuwa machache. Baadhi ya vipande hivyo vilibadilisha koti. Hili linatugusa hapa nyumbani, kwa sababu chanjo ya nimokoko inamfundisha mtoto kulitambua koti. Kenya iliianza mwaka 2011 kwa chanjo inayolenga makoti 10, hali yanayojulikana yanazidi 90. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi wamefuatilia matokeo, na magonjwa makali ya makoti yaliyomo kwenye chanjo yamepungua sana. Chanjo inaokoa watoto, na mwenye mtoto asisite. Ila ni lazima watu waendelee kuchunguza, kwa sababu adui huyu hubadilisha kanzu.

Tufanye nini?

Kwetu sisi tusio na maabara, yako mambo matatu ya kushika.

Usinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha, wala usimgawie jirani zilizobaki. Kila dozi ya ovyo huwaua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wenye jeni za usugu, na jeni hizo hazibaki kwa mwenyewe. Mgonjwa wa kipindupindu kwanza ni maji, chumvi na sukari vya kumrudishia uhai, na kukimbizwa hospitali.

Mhudumu wa afya akiomba sampuli wakati wa mlipuko, tusimfukuze. Kijichupa hicho ndicho kinachotofautisha nasaba na uvumi.

Na wale tuliowapa kura, tuwaulize juu ya maji na vyoo kabla ya mlipuko, si wakati wa mazishi.

Jumuiya ya Pwani inajua kuliko wengi kwamba asili na maingiliano ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuwa na vyote. Tunasema sita bila kusahau tandatu. Basi siku kipindupindu kikirudi na mwenzako barazani akaanza kumnyooshea mgeni kidole, mwambie mgeni huenda alikileta mara moja. Kisha muulize: kisima chenu kiko hatua ngapi kutoka chooni?